Saa tatu katika ukumbi mmoja

Profesa alikuwa jukwaani, mkono mmoja juu ya karatasi zake, na kishikwambi kilichowekwa mbele yake kilimwambia bado ana dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Simu ya mwenyekiti wa kikao, pale meza kuu, ilisoma sekunde arobaini. Skrini kubwa ya ukumbini ilikuwa imeshageuka nyekundu, muda umepitiliza kwa dakika moja na ushei. Mwenyekiti akagonga kipaza sauti kwa ncha ya kidole, akasema kwa heshima zote, "Profesa, tunakuomba uhitimishe." Profesa akashusha miwani puani, akakitazama kishikwambi, kisha akamgeukia. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hiyo saa yako ni ya nchi gani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi, niliyezitega saa zote tatu kwa mikono yangu, niliinama nyuma ya meza ya fundi sauti nikajifanya natafuta waya.

Tangu siku ile nimepigiwa simu na watu kadhaa wanaoandaa semina, mahafali na makongamano, na swali ni lile lile: "Dada, nyie mnatumia taima gani?" Nikiwatajia jina la ile saa ya kuhesabia dakika za msemaji wanashukuru na kukata simu, na najua kabisa wanakwenda kutumbukia shimo lile lile nililotumbukia mimi. Ndiyo maana nimeona niandike yote, pamoja na yale ya aibu.

Ulikuwa mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha kitaaluma, hapa Dar es Salaam, Jumanne na Jumatano ya mwisho ya Oktoba 2024. Watu mia mbili na kitu, ukumbi mkubwa mmoja na vyumba viwili vya pembeni kwa mada zinazokwenda sambamba. Mwaka uliotangulia tulitunza muda kwa karatasi. Binti mmoja wa kujitolea, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikaa mstari wa mbele na karatasi tatu: "5", "2" na "MUDA UMEISHA". Mtoa mada wa kwanza alikuwa mzee wa rika la babu yake. Binti aliinua ile ya tatu mpaka usawa wa kidevu, akaishusha, akaiweka mapajani na kuifunika kwa daftari. Nilipomuuliza, akasema, "Dada, yule mzee nimemwamkia shikamoo mlangoni sasa hivi. Nitamwonyeshaje karatasi ya kumnyamazisha?" Sikuwa na jibu. Siku hiyo chakula cha mchana kililiwa saa tisa.

Kwenye kikao cha tathmini nikasema: mwakani iwepo saa, mashine ndiyo iseme, isiwe mtoto wa watu. Kamati zetu mnazijua. Anayetoa wazo ndiye anayekabidhiwa kazi.

Nilianza anapoanzia kila mtu, kwenye vya bure. Nikapata tovuti moja: unaweka dakika kumi na tano, inakupa linki, unamtumia yeyote umtakaye. Nikaijaribu sebuleni kwa simu yangu na ya mdogo wangu. Tukafungua, tukabonyeza, namba zikashuka pamoja kama ndugu. Nikafunga kazi. Jaribio lenyewe lilichukua labda dakika mbili, na simu zote tulizifungua kwa pamoja, kwenye kochi moja, zikiwa na chaji tele. Hakuna mkutano unaofanana na hali hiyo.

Nilichogundua siku ya tukio ni kwamba ile linki haikubeba saa. Ilibeba agizo tu: hesabu dakika kumi na tano. Kila kifaa kikiifungua kinaanza hesabu yake chenyewe. Ni kama kuwaambia wapishi watatu, kwenye majiko matatu, waache wali uive kwa dakika ishirini. Kila mmoja atahesabu tangu alipofunika sufuria yake. Skrini kubwa ilianza kwa wakati. Kishikwambi cha Profesa kijana wetu alikifungua baada ya Profesa kumaliza kuitambua itifaki, kuishukuru kamati na kuwapa pole waliosafiri, yaani dakika nne na zaidi kidogo baadaye.

Na simu ya mwenyekiti je? Hiyo ilifunguliwa kwa wakati, lakini katikati ya mada aliingia WhatsApp kujibu ujumbe, akakaa huko. Fundi ndiye aliyenieleza baadaye. Vivinjari vya siku hizi huzibana kurasa zisizoonekana ili kutunza chaji. Kwenye Chrome, tangu toleo la 88 lililotoka mwaka 2021, ukurasa uliofichwa kwa zaidi ya dakika tano unaweza kuruhusiwa kuamka mara moja tu kwa dakika. Taima iliyoundwa kizembe, ile inayopunguza sekunde moja kila inapoamka, inaachwa nyuma na saa halisi. Iliyoundwa vizuri haihesabu hivyo. Inakumbuka wakati wa kuisha, basi hata ikisinzia ikiamka inapiga hesabu upya na kukupa namba sahihi.

Jaribio nililotakiwa kufanya pale sebuleni ni hili. Fungua linki kwenye simu ya kwanza, anzisha. Simu ya pili ifungue baada ya dakika nzima kupita. Ya tatu ifungue, kisha izime kioo uiache kwa dakika saba huku unafanya mambo mengine. Halafu zipange mezani uzisome. Zikitofautiana hata kwa sekunde tano, tafuta nyingine. Zikilingana, simamisha moja uone kama zote zinasimama, ongeza dakika mbili uone kama zote zinaongezeka. Mwisho zima data kwenye moja. Hilo la mwisho sikulifanya hata nilipopata chombo cha pili, na nililipia.

Mapumziko ya chai wenzangu walikula sambusa, mimi nilikuwa kwenye ngazi za dharura natafuta huduma ya kulipia. Niliipata: saa inakaa kwenye seva yao, yaani kompyuta yao iliyoko mtandaoni, na kila anayefungua linki anaona saa ile ile. Bei kwa dola, kwa mwezi. Kadi yangu ikakataa, kumbe haikuwa imefunguliwa manunuzi ya mtandaoni, na kuifungua lazima niwasiliane na benki. Nikampigia mdogo wangu, akanisomea namba za kadi yake moja moja huku yuko kwenye daladala. (Msifanye hivyo. Kondakta aliyasikia yote.)

Nilipokuwa ngazini, kijana wa kujitolea aliambiwa aweke kwenye skrini kubwa saa ya kurudi kutoka chai. Ratiba yetu ilisema "saa 4:30 asubuhi". Akaandika 4:30, kama ilivyoandikwa. Niliporudi ukumbini skrini ilikuwa inatangaza kwamba tutaendelea na mkutano baada ya saa kumi na nane na dakika kumi na nane. Watu walikuwa wanaipiga picha. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu: mashine zinahesabu siku kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, na ratiba ilipaswa kuwa na safu mbili. Siku hizi karatasi ya mtu wa saa naiandikia "saa 4:30 asubuhi, mashine 10:30", kila mstari, hata kama anajiona anajua.

Na kama kuna msemaji wa ng'ambo, safu ya tatu. Dada mmoja wa kwetu aliyeko London alikuwa azungumze kwa njia ya mtandao saa 5:00 asubuhi. Mwanzoni mwa Oktoba tulikubaliana kwamba kwake ni saa tatu asubuhi, na kweli ilikuwa hivyo. Jumapili ya tarehe 27, siku mbili kabla ya mkutano, Uingereza wakarudisha saa nyuma, tofauti yetu ikatoka masaa mawili ikawa matatu. Tulipompigia, alikuwa anakaanga mayai. Aliingia hewani baada ya dakika ishirini, nywele zimefungwa kitambaa, akaongea vizuri kuliko wote. Na hapa ile huduma ya kulipia ilistahili pesa yake: aliifungua linki akiwa kwake, akaona sekunde zile zile tulizokuwa tunaziona sisi.

Nikapumua. Mapema mno.

Nikaituma ile linki kwenye kundi la WhatsApp la kamati ili wenyeviti wa vyumba vyote wawe nayo. Zilikuwepo linki mbili, moja ya kutazama na nyingine ya kuendesha. Niliyoituma ni ya kuendesha. Saa nane na nusu hivi, mtoa mada yuko kwenye slaidi ya sita, saa ikaruka kutoka 8:05 ikarudi 15:00. Yeye akafurahi, akapunguza kasi. Nilidhani nimebonyeza mimi. Nikairekebisha, baada ya muda ikarudi tena 15:00. Tuliulizana ukumbi mzima kwa ishara za macho. Kumbe ni mweka hazina wetu, yuko foleni benki mjini, ameona linki kwenye kundi, ameifungua, na kitufe kilichoandikwa kwa Kiingereza kimemvutia akajaribu "kuona kinafanya nini". Mara mbili.

Usiombe chombo kisicho na linki mbili. Na ukikipata chenye nazo, linki ya kuendesha ikae kwa mtu mmoja, mwingine mmoja wa akiba, basi. Si mwenyekiti wa chama, si katibu mkuu, hata akikasirika. Ya kutazama wape wote, watume mpaka kwa wajomba zao.

Baadaye mchana waifai ya ukumbi ikaelemewa. Simu mia mbili, kila moja inapandisha picha za mkutano. Kishikwambi cha jukwaani kikaganda kwenye 7:41. Kuganda kwenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba namba iliyoganda inafanana kabisa na namba hai. Mtoa mada aliinua macho akaona 7:41, akasoma ukurasa, akainua tena, 7:41, akajisemea moyoni leo muda una baraka. Chombo kile hakikuweka alama yoyote kuonyesha kwamba kimepoteza mawasiliano. Kingine nilichokuja kukitumia kinaonyesha. Hicho ni kitu cha kuangalia kabla ya rangi, kabla ya mapambo, kabla ya bei.

Lakini lililoniumiza si hayo.

Jioni, mmoja wa waasisi wa chama alipewa dakika kumi kuwazungumzia wanachama waliotangulia mbele ya haki mwaka ule. Walikuwa watatu. Mjane wa mmoja wao tulimkalisha mstari wa pili. Mzee alizungumza taratibu bila karatasi, kisha akatuomba tusimame kwa dakika moja. Tukasimama. Viti vikanyamaza, vikombe vikanyamaza, ikabaki sauti ya kiyoyozi. Zilipita kama sekunde ishirini. Halafu, kutoka kwenye spika zote nne za ukumbi, kwa sauti ya juu kabisa: ti-ti-ti, ti-ti-ti, ti-ti-ti.

Dakika kumi zilikuwa zimeisha. Taima ilikuwa na mlio, mlio ulikuwa umewashwa tangu mwanzo, na kompyuta ilikuwa imeunganishwa kwenye miksa, ile mashine ya fundi ya kuongozea sauti, kwa ajili ya video fupi iliyoonyeshwa asubuhi. Mada zote za mchana mlio haukusikika kwa sababu fundi alikuwa ameshusha ile chaneli. Jioni aliipandisha kujiandaa na video ya mwisho. Nilikurupuka, nikajikwaa kwenye waya, nikafika kwenye kompyuta nikashindwa kuona kitufe kiko wapi. Yule mzee hakufungua macho. Mlio uliendelea kwa sekunde saba au nane, nikauzima kwa kufunga kompyuta nzima kama mtu anayeua mende kwa kitabu.

Watu walipokuwa wanatoka nilimfuata yule mama, nikapiga goti, nikamwomba radhi. Akanishika mkono. "Hamna neno, mwanangu. Baba mwenyewe alikuwa hapendi mikutano mirefu." Nikaenda kulia chooni.

Kwa hiyo mlio. Uzime sehemu tatu: kwenye programu yenyewe, kwenye sauti ya kompyuta, na kwenye chaneli ya miksa. Kisha acha taima iishe mara moja kabla watu hawajaingia, ukiwa umesimama katikati ya ukumbi mtupu, usikie kwa masikio yako kwamba husikii kitu.

Usiku ule tulibaki wawili, mimi na fundi mitambo, kijana mmoja mpole ambaye siku nzima alikuwa ananitazama bila kusema. Tukiwa tunakunja nyaya akaniuliza, "Dada, saa ya kutazamwa humu ndani, kwa nini iende mpaka ng'ambo ndipo irudi?" Sikumwelewa. Akafungua kompyuta yake akanionyesha programu inayoitwa Ontime. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kompyuta ndiyo inakuwa seva. Vifaa vingine vyote vinafungua kivinjari cha kawaida, vinaandika anwani ya ile kompyuta ikifuatiwa na 4001, na vinaona saa. Intaneti haihitajiki hata chembe, kinachohitajika ni ruta, kile kifaa cha kurusha waifai, ya kuviunganisha.

Ruta ndiyo iliyotupa kazi. Kwanza tulijaribu kupitia waifai ya ukumbi, kompyuta ikawa inaonekana kwake peke yake tu. Waifai nyingi za hoteli na kumbi hufungwa makusudi ili vifaa vya wageni visionane, na hilo ni jambo jema kwa usalama, ila kwa saa yetu ni ukuta. Fundi akaenda kwake akaleta ruta yake ya zamani iliyolala kabatini. Tukaiwasha, kompyuta ikauliza kama iruhusu programu hii ionekane kwenye mtandao. Mimi kwa haraka nikabonyeza kukataa, tukapoteza nusu saa tukitafuta kwa nini vishikwambi havioni kitu. Kubali, tena chagua kwamba mtandao huo ni wa binafsi.

Kisha simu. Hapa ndipo wengi mtanikumbuka. Simu za Android zikiona waifai haina intaneti zinakuja na onyo, na usipojibu, nyingine zinahamia zenyewe kwenye data ya simu kimyakimya. Jina la waifai unaliona pale juu, wewe unajua umeunganishwa, kumbe simu inaitafuta ile anwani kwenye intaneti na huko haipo. Dawa: zima data kabisa kwenye vifaa vya saa, na onyo likitokea chagua kubaki hapo hapo. Vifaa vya saa visiwe simu za watu. Tuliazima vishikwambi viwili vitupu visivyo na laini, tukaviwekea kioo kisizimike, tukavichomeka kwenye chaji.

Tulimaliza saa saba usiku. Mlinzi alituletea kahawa na kashata, akatuuliza kama tunafunga kamera za ulinzi.

Siku ya pili tulikuwa na televisheni ya inchi 32 sakafuni mbele ya jukwaa, imeinamishwa kumtazama msemaji, kodi yake elfu thelathini. Nilisimama jukwaani saa moja asubuhi kuhakikisha naisoma. Saa mbili nikarudi, siioni. Mtu wa mapambo alikuwa ameweka shada kubwa la maua hapo hapo, la manjano, limejaa vizuri. Alikuwa na hoja: bila maua, televisheni ile ilionekana kama imesahauliwa na fundi. Tukakubaliana shada liende nyuma ya televisheni. Ukishamaliza kupanga vifaa rudi tena ukague baada ya watu wa mapambo, baada ya watu wa video, na baada ya watu wa usalama wa mgeni rasmi. Kila mmoja ana mkono wake.

Skrini kubwa tuliiondolea saa. Siku ya kwanza niliona jinsi hadhira ilivyoacha kumsikiliza msemaji ikaanza kuitazama namba. Ikifika nyekundu wananong'ona, wengine wanakohoa kwa kusudi. Kwa mtu mzima ni fedheha, na ile fedheha ya karatasi tuliyoikimbia ilikuwa imerudi ikiwa kubwa mita nne kwa tatu. Kwa hiyo saa ilionwa na watu watatu tu, msemaji, mwenyekiti wa kikao na fundi. Kubwa tuliiachia kazi ya chai, "tunarudi baada ya", na safari hii iliandikwa sawa. Watu walirudi. Si wote, foleni ya maandazi ilikuwa ndefu.

Profesa yule yule alikuwa na mada tena siku ya pili. Alikuja mapema, akasimama jukwaani akaikagua saa kama fundi cherehani anavyokagua mshono. "Hii namba naiona. Lakini ziondoe hizo sekunde, zinanitia kiwewe." Tukaziondoa, zikabaki dakika tupu, na rangi ikibadilika dakika zikibaki tatu. Sijawahi kuzirudisha. Msemaji anahitaji kujua zimebaki ngapi, hahitaji kuziona zikikimbia.

Kuhusu kitufe: alikibonyeza binti wa karatasi za mwaka uliotangulia, ambaye sasa alikuwa mwaka wa tatu. Kabla ya kila kikao alikwenda kwa mwenyekiti na kumweleza sheria moja. Ukitaka kumwongezea msemaji, niinulie vidole, kila kidole dakika. Bila vidole siongezi, hata msemaji akiniomba. Aliketi nyuma kabisa, hakuna aliyemwona, na akamkata mkurugenzi mmoja mzima bila kuinua hata kope. Alinitumia ujumbe: "Dada raha."

Msemaji wa mtandaoni wa siku ya pili alikuwa tatizo, kwa sababu saa yetu sasa haikutoka nje ya ukumbi. Fundi akaingiza simu moja kwenye Zoom kwa jina "SAA", kamera yake ikiitazama skrini ya taima, na msemaji akaombwa aibandike picha hiyo mbele yake. Inachelewa sekunde moja au mbili. Hakuna aliyekufa.

Mgeni rasmi hatukumwekea saa. Ilijadiliwa, kuna waliotaka, mimi nilipinga na bado napinga. Akipewa dakika ishirini akachukua arobaini, sisi tutajua pa kukata. Programu ile inakuonyesha umechelewa kwa dakika ngapi ukilinganisha na ratiba, na alipomaliza ilisoma dakika ishirini na sita. Nikawafuata wenyeviti wa vikao vitatu vilivyofuata, kila mmoja nikamwomba tisa. Chakula kililiwa saa saba na dakika tano.

Umeme ulikatika mara moja, mchana. Jenereta ilichukua muda kidogo kuamka. Ruta ikazima, vishikwambi vikapoteza picha, lakini kompyuta yenye betri iliendelea kuhesabu, na ruta iliporudi kila kitu kikarudi kwenye namba sahihi. Siku hizi ruta naiwekea kibetri chake, vile vidogo vinavyouzwa kwa ajili ya ruta.

Gharama niliyoilipa kwa ujinga mtupu ni ile huduma ya kulipia. Nilisahau kuisitisha. Mdogo wangu aligundua Januari kwamba kadi yake imekatwa miezi mitatu mfululizo kwa saa ambayo hakuna aliyeitazama tangu Oktoba. Nimemrudishia kwa awamu.

Vifaa vyote sasa vinakaa kwenye boksi moja la plastiki chini ya kitanda changu: ruta, kibetri, vishikwambi viwili ambavyo chama kilivinunua baadaye, kebo ya HDMI, gundi ya nyaya, na karatasi ya ratiba yenye safu tatu. Vimeazimwa mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Wiki iliyopita walivichukua kamati ya harusi ya binamu yangu, wakidhani vitamdhibiti MC. Havikumdhibiti. Na boksi lilirudi bila chaja ya ruta, kwa hiyo kama unakuja kuazima, juu ya kifuniko nimeandika kwa kalamu nzito, soma kabla hujaondoka.